Usiukamue

Ulezi huu nimeukaanga mwenyewe,
kwa kikaango cha chuma kilichopinda kitako tangu enzi za kambi,
ukatoka na rangi ya kahawa ya jana,
punje nyingine nyeusi, nyingine bado nyekundu kama zimeona haya.
Sikuusaga. Niliuvunja tu chini ya jiwe,
kila punje ipasuke, isiwe unga.

Hii si ajon ya mtungi,
ile ya kukaa duara na mirija mirefu
na jirani kukumbuka deni lako.
Hii ni ya chupa. Kimea cha shayiri nimekifuata Mbale,
cheupe, chepesi, hakina la kusema;
ulezi nautia ili nacho kiwe na kwao.

Mfuko ni kipande cha pazia la dada yangu Asekenye,
ambaye bado anakitafuta.

Sigiri. Makaa. Maji ya bomba la kupampu, hapa Kichinjaji,
yana ladha ya msumari.
Kipimajoto sina. Nina kidole, na nina baba,
Sajini Okwalinga, mpishi mstaafu,
aliyelisha kikosi kizima akarudi Soroti
na Kiswahili cha amri na goti moja zima:
"Tia kidole! Hesabu!
Ukishindwa moja, maji yamekasirika.
Ukifika sita unachekacheka, yamelala.
Tatu. Tatu ndiyo yenyewe."

Moja. Mbili. Ta—
nikachomoa, nikanyonya kidole,
nikauzamisha mfuko.

Mwanzo hapatokei kitu.
Mfuko unaelea kama mgeni asiyeambiwa aketi wapi.
Nikausukuma kwa mwiko.
Kisha rangi ikaanza kushuka, uzi mmoja,
moshi uliokosea njia ukaenda chini,
na wa pili, na wa tatu,
hadi nisione tena kitako cha sufuria.
Harufu: ukoko wa mkate,
na kitu kingine nyuma yake, kama majivu yaliyonyeshewa.

Nusu saa. Saa sina pia.
Napima kwa redio ya jirani:
taarifa ya habari kwa Kiteso,
matangazo ya vifo, majina yote, vijiji vyote,
na kwaya moja isiyojua kumaliza.

Mara ya kwanza niliukamua.
Nani asingeukamua? Ulezi wa pesa,
na utamu nauona kabisa umekwama mle ndani.
Nikausokota kwa mikono miwili kama nguo ya shule.
Bia ikatoka na ukakasi, ukavuta mashavu
kama ndizi mbichi.
Baba alikunywa. Alimaliza glasi, jeshi halimwagi.
Akasema: "Umeliuliza ganda maswali ya punje."

Na mimi ndivyo nilivyokuwa nikimfanyia yeye.
Lile goti, baba? Na huyu kwenye picha,
aliyeshika ndoo, aliyekatwa na ukingo?
Alikuwa nani? Alienda wapi?
Naye anakauka, anakuwa ganda,
anainuka kwenda kuangalia kuku
ambao tulishawauza.

Leo nimeuning'iniza tu.
Mwiko juu ya sufuria, mfuko chini ya mwiko,
tone.
Baba amevuta kigoda.
Tone.
Hatuzungumzi. Kwaya imeshika ubeti mwingine.
Mikono yangu inawasha, nimeikalia.
Tone.
"Imalingat," akasema, akiitazama sufuria,
"hakutaka chumvi kwenye kitu chochote.
Mia mbili wanalalamika chumvi haitoshi,
yeye namtengea sahani yake pembeni.
Kila siku. Hata ile siku."

Sikuuliza siku ipi.

Tone likakusanyika, likanenepa, likachelewa,
halafu likaanguka.
Kulikuwa na jingine nyuma yake.

Nje, Asekenye anaanua nguo,
anazihesabu kwa sauti,
anarudia kuzihesabu.